Malipo Ni Hapa Hapa Duniani?

Masomo: Wagalatia 6:7-10, Luka 12:47-48, Mwanzo 42:21



Mtu akipatwa na msiba, hatukawii kusikia: "Malipo ni hapa hapa duniani." Huko Uhindi wana fundisho lao, karma, kwamba tendo huzaa tunda na kumrudia mtendaji. Biblia nayo inafundisha kupanda na kuvuna. Lakini kwetu shamba lina Mwenyewe. Yeye anajua kila mbegu, na Yeye anaweza kusamehe.

Kwanza, hukumu si yetu. Mnara wa Siloamu ulipoua watu 18, Yesu alikataa kusema kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine. Aliwaambia wasikilizaji watubu wao (Luka 13:4-5). Basi ziwa likipanda na kuingia katika nyumba ya jirani, usianze kuhesabu dhambi zake. Mpelekee bukari.

Pili, Mungu anaangalia kile mtu anachojua. Mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake na kuyaacha atapigwa sana. Asiyejua atapigwa kidogo. Sisi tunaokaa kanisani kila Yenga tumekwisha kujua. Tena Mungu ameweka shahidi ndani yetu, ndiye dhamiri. Ndugu za Yosefu walikaa karibu miaka 20 tangu wamuuze. Walipobanwa kule Misri, walikumbuka jinsi alivyowasihi. Hakuna mtu aliyetaja neno hilo mbele yao. Dhamiri ndiyo ilisema.

Tatu, msamaha. Tangu 2013 Batwa na Baluba wa Tanganyika yetu wamemwagiana damu: Nyunzu, Manono, Kabalo, hata huku Kalemie. Mishale na mapanga. Vijiji viliungua, watu wakakimbilia kambi kama Katanika. Kila upande una wafu wake, na ni rahisi kila upande kusema juu ya mwingine: "Wanavuna walichopanda." Angalieni, wapendwa! Anayelipiza kisasi anadhani anavuna, kumbe anapanda. Na watoto wake ndio watakaokula mavuno hayo.

Kusamehe ni kukataa kupanda tena mbegu iliyokuumiza. Si kuficha ukweli, wala si kufunga mlango wa tribinali. Yosefu aliwaambia ndugu zake wazi kwamba walikusudia mabaya, lakini aliwalisha wao na watoto wao. Nawe uliyekosa, usidai msamaha mikono mitupu. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Kama shamba unalolima ni la mtu aliyekimbia, kama bati lililo juu yako lilitoka juu ya nyumba yake, dhamiri yako inajua. Rudisha.

Katika vijiji vingi Batwa na Baluba wamekaa pamoja katika baraza za amani. Ikiwa baraza inaweza kuwaketisha pamoja, meza ya Bwana itashindwaje? Pale msalabani Yesu alivuna miiba tuliyopanda sisi. Ndiyo maana damu yake inaweza kusafisha dhamiri (Waebrania 9:14).

Juma hili, kabla ya kuomba, taja mbele za Mungu jina la mtu mmoja: uliyemkosea, au aliyekukosea. Kisha uende kwake, au umtume mzee wa kanisa akutangulie.

Bwana awape moyo wa kutii. Amina.