Mbwa Anapotokwa na Damu Puani

Mazungumzo ya afisa wa mifugo wa kaunti na wakazi wa Wadi ya Kabiro, Kawangware



Hapa mtaani mbwa akitokwa na damu puani hufukuzwa kwenye ploti au kupigwa mawe, watu wakisema ana kichaa. Lakini kichaa cha mbwa kina dalili zake: mbwa hubadilika tabia, huuma ovyo, hutoa udenda na kushindwa kumeza. Damu puani mara nyingi ina sababu nyingine. Nitataja tatu.

Ya kwanza ni ugonjwa unaoletwa na kupe, unaofanya damu isigande vizuri. Ukiwahiwa, hutibika kwa dawa.

Ya pili ni saratani ambayo mbwa huambukizana. Kwa kawaida hukaa sehemu za siri. Mbwa mwingine akinusa au kulamba hapo, chembe zenyewe za uvimbe hushika puani mwake. Mbwa wanaozurura pamoja jalalani ndio walio hatarini zaidi. Binadamu haimpati. Wengi hupona kwa sindano ya vinkristini, mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa.

Ya tatu ni saratani ya pua yenyewe, ambayo huwapata zaidi mbwa wazee. Mara nyingi huanza tundu moja: chafya, kamasi yenye damu, kukoroma, kisha uso huvimba. Asipotibiwa, wengi hufa katika miezi michache. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 uliihusisha na moshi wa makaa ya mawe na mafuta taa ndani ya nyumba. Moshi wa jikoni mbwa havuti peke yake. Watoto wetu wamo chumba hicho hicho. Jiko liwashwe nje, au dirisha lifunguliwe.

Kwa macho tu, hata mimi siwezi kuzitofautisha. Lazima apimwe damu, na uvimbe uchunguzwe. Kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, si mbali na hapa. Msimpe dawa za binadamu.

Mbwa ahasiwe na asiachwe kuzurura. Na mbwa yeyote akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mbwa huyo hukulindia mlango usiku. Ukiona chafya yenye damu, usingoje wiki ya pili.