Safari Yetu ya Bagamoyo

Leo twapenda kuwaeleza khabari za Bagamoyo, mji wa kale wa wavuvi ulioko pwani, ambao sisi watu wa Shinyanga na Geita hatupaswi kuuita mji wa wageni.

Tulipanda gari la moshi Shinyanga pamoja na wanafunzi wetu, tukashuka Dar es Salaam, kisha tukaenda kaskazini kwa motokaa. Tulifika asubuhi, nayo maji yamekupwa. Ngalawa zimelala mchangani. Mwanafunzi mmoja wa Geita, aliyezoea ziwa la Nyanza, akauliza kama bahari imekauka. Mvuvi mmoja mzee akacheka, akamwambia, "Ngoja, mjukuu wangu, itarudi." Na kweli, baadaye maji yalijaa, mashua zikaingia na nguru, taa na pweza, mnada ukaanza papo hapo ufukoni.

Kisha tukauona mnara wa kanisa la misheni iliyoanzwa mwaka 1868. Hapo ndipo mwili wa Daktari Livingstone ulipolazwa Februari 1874, baada ya Susi, Chuma na wenzao kuuchukua kwa miezi mingi kutoka bara. Majina ya hao wawili yajulikana sana. Wenzao ni wachache wawatajao.

Ndipo tukawakumbuka wazee wetu, Wasukuma na Wanyamwezi. Wapagazi hao walileta pembe za ndovu mabegani kutoka Tabora na mbele yake, mwendo wa kama miezi mitatu, kila mtu na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi. Wengi walikwenda kwa ujira. Lakini walikuwako na watumwa waliopitishwa njia hiyo hiyo. Husemwa kwamba jina la mji latokana na kubwaga moyo: mpagazi aliubwaga apumzike, mtumwa aliubwaga kwa kukata tamaa. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilipofika Tabora mwaka 1912, misafara ya miguu ikakoma, na Bagamoyo ikabaki na wavuvi wake.

Katika kurudi, mwanafunzi yule akauliza, "Mwalimu, wazee wa ukoo wetu nao walifika hapa?" Hatukuwa na jibu la kumpa.

Basi, wasikilizaji, waulizeni wazee wenu nani katika ukoo alikwenda pwani, mkaandike jina lake. Maji yakipwa hurudi. Jina likisahauliwa halirudi. Kwaherini.