HOTUBA JUU YA VILIMA VYA MAWE VYA BARIADI



Leo nataka kunena nanyi juu ya vilima vya mawe tuvionavyo kila siku katika Bariadi, nchi kavu ambayo mvua yake haitegemeki. Kila mmoja wetu amepata kuona jiwe kubwa limekaa juu ya jiwe jingine, kana kwamba limewekwa kwa mkono. Watoto huuliza, “Nani aliyeliweka?” Yatupasa tuwe na jibu, maana jibu hilo lahusu na mashamba yetu.

Watu wengine hudhani ya kwamba kila mlima umetokana na moto uliolipuka kutoka chini ya ardhi. Ni kweli kwa milima iliyo mashariki yetu, ng’ambo ya nyanda za Serengeti. Ngorongoro ulikuwa mlima wa moto, na kilele chake kilididimia yapata miaka milioni 2 iliyopita, likabaki shimo kubwa. Ol Doinyo Lengai ungali hai. Mwaka 2007 ulirusha majivu juu sana. Lakini milima hiyo ni watoto wachanga mbele ya vilima vyetu.

Mawe yetu, yaitwayo matale, yana umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Hayakulipuka nje. Yalikuwa uji wa moto uliobaki chini sana ya nchi, ukapoa polepole mno hata ukawa jiwe. Kwa sababu hiyo chembe zake zilipata nafasi ya kukua. Ukilivunja jiwe utaziona: nyingine kama kioo, nyingine nyeupe au za rangi ya waridi, na nyingine ndogo zimetazo, ndizo ulanga.

Basi, jiwe lililokuwa chini limefikaje juu? Nchi iliyolifunika ndiyo iliyoondoka, ikikwanguliwa na mvua, mito na upepo kwa miaka isiyohesabika. Na jiwe lenyewe lilikuwa na nyufa. Maji yakapenya humo, yakaliozesha kando ya kila ufa. Palipokuwa na nyufa chache pakabaki pagumu. Udongo uliolegea ulipochukuliwa, sehemu zile ngumu zikabaki peke yake, moja juu ya nyingine. Hakuna mtu aliyeziweka, ziliachwa. Ndivyo yalivyo hata mawe ya Mwanza yasimamayo katika maji ya Ziwa Victoria.

Sasa sikilizeni vizuri. Jiwe lililooza ndilo udongo tunaoulima. Chembe zilizo kama kioo zikawa mchanga, na nyingine zikawa udongo wa mfinyanzi. Karibu na kilima twaona luseni, udongo wa mchanga. Chini yake itogolo, mgumu wakati wa kiangazi. Na bondeni mbuga, udongo mweusi upasukao kwa jua. Mwaka 1935 Bwana Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, alieleza ya kwamba udongo wa namna hii, toka kilimani hata bondeni, ni kama pete za mnyororo mmoja. Wakulima wa Kisukuma walikuwa na jina la kila pete.

Ikiwa ni mnyororo, basi aharibuye juu huharibu na chini. Udongo wa unene wa kidole huhitaji mamia ya miaka kufanyika. Lakini kilima kikinyimwa miti na majani yake, mvua chache zaweza kuuchukua wote hata Mto Simiyu, na kutoka huko mpaka ziwani. Mwenye shamba hubaki na mawe, na jirani yake wa chini huletewa mchanga mtupu.

Najua ya kuwa kuni zahitajika, na ng’ombe hawana budi kula. Sisemi kilima kisiguswe. Nasema matuta yakatize mteremko, wala yasiufuate. Njia ya ng’ombe isiwe moja kila siku, isije ikawa korongo. Na ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, tuliyofundishwa na wazee, ilindwe hata majira yake.

Ndugu zangu, mtoto akiuliza tena nani aliyeliweka jiwe lile, mwambieni: halikuwekwa, limebaki baada ya udongo kuondoka. Kisha mwonyesheni shamba, mkamwambie ya kuwa nalo laweza kubaki mawe vivyo hivyo.