Tusingoje Jino Liume: Hotuba kwa Wananchi wa Sumbawanga



Tumekutana kusema juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo mpaka usiku ule linapowanyima usingizi. Jambo lenyewe ni meno. Desturi yetu twaijua. Jino likianza kuuma tunasukutua maji ya chumvi, tunameza vidonge, tunangoja. Likitulia tunasahau. Likirudi kwa ukali ndipo tunapokwenda kwa tabibu, na hapo tunamwambia neno moja tu: ng'oa! Kwa hiyo katika nchi yetu kazi kubwa ya matabibu wa meno imekuwa kung'oa, si kuponya. Sisi twasema kwamba hali hii yaweza kubadilika, kwa sababu jino lililowahiwa laweza kukaa kinywani mpaka uzeeni.

Kwanza tuelewe jino linavyooza. Wengi tumeambiwa kwamba kuna mdudu anayelitafuna, na wako watu wanaolipwa fedha kumtoa. Mdudu huyo hayuko. Viko vijidudu visivyoonekana kwa macho, vikaavyo katika ukoga wa meno. Kila tulapo sukari navyo huila, vikatoa asidi, na asidi hiyo hulainisha gamba gumu la jino mpaka likatoboka. Tundu likiwa bado dogo halina maumivu. Likikaribia ndani kabisa, penye mshipa wa fahamu, ndipo jino linapouma. Basi maumivu si mwanzo wa ugonjwa. Ni habari kwamba ugonjwa umekwisha kwenda mbali. Usaha wa mzizini waweza kushuka chini ya taya na shingoni, uvimbe ukaziba njia ya pumzi, na mtu akafa. Jina la mji wetu husemwa kuwa maana yake ni "tupa uchawi". Na tumtupe na huyu mdudu wa uongo.

Pili, kazi ya nyumbani. Ugali wa ulezi na maharage, chakula cha asili cha Ufipa, hakikuwa na sukari ya dukani. Leo watoto wetu wana chai tamu asubuhi, pipi njiani, soda na biskuti mchana. Ubaya si wingi wa sukari peke yake, bali ni kula mara kwa mara, maana kila mara asidi hutoka upya. Yatupasa kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na ule wa usiku usikose, kwa kuwa mate hupungua tulalapo. Mswaki wa mti husafisha ukitumiwa kwa makini, lakini hauna floraidi ya kutosha. Mtoto wa chini ya miaka 3 apewe dawa kiasi cha punje ya mchele tu. Fizi zikitoka damu tusiache kupiga mswaki. Damu hiyo mara nyingi ni dalili ya ukoga uliokaa hata ukawa ugaga mgumu, ambao mswaki hauwezi kuutoa, ila tabibu.

Akina mama na akina baba, shikeni hili moja. Mtoto akifika karibu miaka 6, huota gego nyuma ya meno ya utoto bila jino lo lote kutoka. Wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto, wakaliacha lioze. Hilo ni jino la maisha. Likienda halirudi.

Tatu, kwenda kwa tabibu kabla ya maumivu. Mkulima wa Ufipa hufukia majani katika ntumba leo ili shamba limfae msimu ujao. Hangoji njaa ndipo aanze. Meno nayo yataka akili hiyo hiyo. Tabibu akiyatazama mapema huondoa ugaga, huziba tundu likiwa dogo, na huona vidonda ambavyo sisi hatuvioni.

Wengine watasema, kuziba meno ni anasa ya mijini, penye umeme na mashine. Ndugu zetu, sivyo! Katikati ya miaka ya 1980, katika chuo cha meno cha Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kutibu meno kwa vyombo vya mkono tu. Huondoa sehemu iliyooza kwa kijiko kidogo cha chuma, kisha huziba tundu kwa saruji ya meno. Hapatakiwi umeme, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haitakiwi. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa yote. Mwaka 2021 shirika hilo liliiandika saruji yenye floraidi, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, katika orodha yake ya dawa muhimu. Njia iliyoanzia Tanzania imevuka bahari. Haifai ikose kufika vijijini kwetu.

Nne, twasema bila kuficha juu ya kile kiitwacho "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni". Katika sehemu mbalimbali za Tanzania, na Uganda pia, mtoto mchanga akiharisha au akiwa na homa, huambiwa kwamba fizi zake zina meno mabaya. Hukatwa fizi, na mbegu za chonge zake hung'olewa. Meno hayo si ya plastiki. Ni chonge za kawaida ambazo hazijaota. Mtoto hupotewa na damu, hupata pepopunda au sumu ya damu, na wengine hufa, huku ugonjwa wenyewe haujatibiwa. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi na apelekwe zahanati. Mwenye homa apimwe malaria.

Tano, madaktari bingwa. Tabibu wa kawaida huziba na kung'oa. Bingwa hutibu mzizi wa jino, huunga taya lililovunjika katika ajali ya bodaboda, hushona mdomo uliopasuka tangu kuzaliwa, na hutibu uvimbe wa taya. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya kansa ya taya za watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake walifunga safari ndefu kwa gari wakiulizia ugonjwa huo hospitali kwa hospitali. Waliona kwamba hupatikana zaidi penye joto na mvua, na ni nadra penye baridi ya milimani. Basi ndugu zetu wa bonde la Rukwa na mwambao wa Ziwa Tanganyika waangalie zaidi kuliko sisi wa huku juu. Meno ya mtoto hulegea na shavu huvimba upesi. Watu hudhani ni jino bovu, wakaling'oa na kungoja. Kungoja huko ndiko kunakoua, maana wengi waliowahi dawa za hospitali hupona. Kadhalika kidonda cha kinywa kisichopona kwa wiki mbili kionyeshwe kwa tabibu. Ikibidi kwenda Hospitali ya Rufaa Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kwa njia ya Tunduma, ndugu na majirani wachange nauli mapema.

Mwisho, kila mmoja ana wajibu wake. Walimu wawafundishe watoto kupiga mswaki, na waombe tabibu afike shuleni kuwatazama. Madiwani tuwaulize katika mikutano: je, katika fedha za afya za halmashauri, saruji ya meno imo? Chumba chenye koleo tu hakina la kufanya ila kung'oa. Nasi wazazi, jioni hii kila mmoja amwite mtoto wake penye mwanga amtazame kinywani. Akiona weusi au tundu, ampeleke kabla jino halijauma.