Nyuki na Mti wa Kikwata

 



Katika Sura ya 16, iliyopewa jina la nyuki, aya ya 68 na 69, Mwenyezi Mungu anatujulisha kuwa alimfunulia nyuki kufanya makazi milimani, mitini na katika wayajengayo watu, kisha ale katika matunda ya kila namna. Tumezoea kuzisoma aya hizi tukakumbuka asali tu. Leo na tuutazame mti.

Upo mti wa asili katika nchi zetu kavu, jamaa ya mgunga, uitwao kikwata. Miiba yake imepinda kama ndoana, humshika mpitaji nguo. Wataalamu wa mimea wameupa jina la Kilatini lenye maana ya mleta asali, wala hawakukosea. Maua yake meupe yana harufu nzuri, na aghalabu huchanua mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua. Wakati huo ardhi imekauka, na nyuki hana pengi pa kwenda. Hapo ndipo apatapo maji matamu, na chavua ya kulishia watoto wake.

Mvua ikinyesha, mkulima hupanda maboga. Katika mboga hii ua dume ni mbali na ua jike, na chavua yake ni nzito, yenye kunata, upepo hauichukui. Nyuki ndiye mchukuzi. Asipofika, ua jike hunyauka, na mkulima hulaumu mbegu. Kumbe kundi la nyuki lililotakiwa shambani mwezi wa Mei lilikuwa lilelewe na kikwata cha Februari, nacho kimekwisha kuwa mkaa.

Simshutumu mchoma mkaa mwenye watoto. Hata jikoni kwangu mkaa unawaka. Na huko Namibia wafugaji huulalamikia mti huu kwa kuziba malisho, nao wana haki ya kuupunguza. Lakini kupunguza si kufyeka. Mtume (S.A.W.), katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametufunza kuwa Mwislamu apandapo mti, akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka.

Basi mwenye kukata na angoje maua yaanguke, na aache miti mikubwa kandokando ya shamba. Na mrina asali atumie moshi, asiutie mzinga moto.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.