Hela za Harambee na Viza ya Masomo Uingereza
Kijana akipata nafasi ya kusoma Uingereza, ukoo mzima humchangia, kisha hela huwekwa katika akaunti ya mjomba kwa kuwa ndiye anayeaminika. Hapo ndipo ombi la viza hukwama, na uaminifu wa mjomba haumsaidii. Pesa hizo zinatakiwa ziwe kwa akaunti ya mwanafunzi mwenyewe au ya mzazi au mlezi wake wa kisheria, na zikae humo siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango kilichowekwa, hata kwa siku moja. Zikiwa kwa mzazi, cheti cha kuzaliwa na barua yake ya idhini huambatanishwa. Basi harambee ifanywe mapema, ada ya kwanza isisubiriwe.