Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo Alishwe Akiwa Ameketi

Mtindio wa ubongo hutokea ubongo wa mtoto unapoumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au utotoni. Viungo hukakamaa au hulegea. Mtindio huu si laana, wala hauambukizi.

Watafiti waliofuatilia watoto wenye hali hii Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, waliona kuwa utapiamlo mkali huongeza hatari ya kifo. Kwa hiyo, kumlisha mtoto vizuri huweza kuokoa maisha.

Mtoto aketi wima, kichwa kikishikiliwa. Uji uwe mzito kiasi, kijiko kiwe kidogo, bila haraka. Asilishwe akiwa amelala. Chakula huweza kuingia mapafuni.

Mzazi, hata wa miji ya mpakani kama Busia au Malaba, ampeleke mtoto hospitalini mapema, aonwe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Tena: aketi wima, kijiko kidogo, bila haraka.